Mgonjwa Asiye na Kosa

Ndugu msomaji, chukua tamthilia uliyosomeshwa kidato cha tatu au cha nne, halafu mtafute humo mtu anayeumwa. Ukishampata, jiulize maswali mawili tu: aliugua kwa sababu gani, na mwisho wake ulikuwa nini? Mimi nimefanya hivyo kwa vitabu viwili ambavyo kwa miaka mingi vilisomwa katika sekondari zetu za Tanzania. Majibu niliyoyapata ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Kitabu cha kwanza ni Kilio Chetu, tamthilia iliyotolewa na Medical Aid Foundation katika miaka ya 1990. Humo wazazi wanaona haya kuzungumza na watoto wao juu ya mapenzi. Watoto nao wanajifundisha wenyewe vichochoroni, Suzi anapata mimba, Joti anapata UKIMWI. Kitabu cha pili ni Orodha ya Steve Reynolds, kilichotoka mwaka 2006. Humo Furaha, binti wa kijijini, anakufa kwa UKIMWI na kuacha barua. Wanaume waliotembea naye wanahangaika, wanadhani majina yao yamo kwenye orodha ya marehemu. Kumbe orodha si ya majina ya watu hata kidogo. Ni orodha ya mambo ambayo kama Furaha angekuwa nayo, yangemwokoa.

Sitaki nieleweke vibaya. Vitabu hivi nimevipenda, na vilifanya kazi yake. Kilio Chetu kiliandikwa wakati dawa za kupunguza makali ya virusi hazijafika kwa mwananchi wa kawaida. Zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Kabla ya hapo kupata ugonjwa ule kulikuwa ni kuandikiwa kaburi. Mwandishi alikuwa kama mtu anayepiga mbiu nyumba inawaka moto, na mpiga mbiu haulizwi mbona sauti yako haina ufundi.

Tatizo langu ni sisi tuliosoma. Tuliondoka darasani na kanuni kichwani, na kanuni hiyo ina hatua nne: kosa, ugonjwa, kifo, funzo. Mtihani ulikuwa unauliza mwandishi anaifunza nini jamii, nasi tukajibu kwa hoja sita pamoja na mifano. Tukazoea kwamba mtu akiugua kitabuni, basi kuna jambo alilofanya, au alilofanyiwa, na kazi ya msomaji ni kulitafuta jambo hilo kama mpelelezi. Leo baadhi yetu tunajiita waandishi chipukizi, na kanuni ile ile tunaibandika kwenye kila ugonjwa, hata ule usiohusika nayo kabisa.

Hebu tazama hadithi fupi tunazopelekeana wenyewe kwa wenyewe. Mama mgonjwa yumo katika nyingi mno. Anakohoa mara tatu, anamwita mwanawe kitandani, anatoa wasia wenye methali mbili, anakata roho. Ugonjwa wake hauna jina. Hakuna aliyemwogesha, hakuna aliyempikia uji, hakuna aliyekopa nauli ya kumpeleka hospitali. Mwandishi anamwua ukurasa wa pili ili kijana apande basi aende Dar es Salaam, na hadithi yenyewe ndipo ianze. Yaani mama wa watu anakufa ili apishe njia!

Sasa tuutie ugonjwa mmoja kwenye kanuni hii tuone kama itabeba. Ugonjwa huo ni kansa ya ziwa, au saratani ya matiti kama wasemavyo wataalamu.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na ugonjwa huu, na watu 670,000 walikufa kwa sababu yake. Shirika hilo hilo linasema jambo jingine ambalo kwa mwandishi ni zito kuliko hesabu ya vifo: karibu nusu ya wagonjwa ni wanawake ambao hawana kihatarishi chochote kinachofahamika, isipokuwa kwamba ni wanawake na kwamba umri umesogea. Hakuna kingine. Hakuvuta sigara, hakunywa pombe, ukoo wake hauna historia hiyo, wala hakuna alilomkosea mtu. Hatua ya kwanza ya kanuni yetu imeanguka. Kosa halipo.

Na hatua ya tatu nayo haina uhakika. Saratani hii ina tabia ya kurudi. Mama anaweza kukatwa ziwa, akamaliza dripu zake za dawa, akamaliza mionzi, akaambiwa hali ni nzuri, akarudi shambani au sokoni kwake akaishi miaka. Kumbe kuna chembe chache zilibaki zimelala mahali. Zinapoamka huweza kutokea pale pale kwenye kovu au kwapani, au mbali kabisa, kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo. Hata ikitokea kwenye mfupa wa mgongo bado ni kansa ya ziwa, ile ile, imehamia tu. Aina inayostawishwa na homoni ya estrojeni ndiyo inayoweza kukaa kimya muda mrefu zaidi, hata zaidi ya miaka kumi. Kwa ajili hiyo mgonjwa hupewa vidonge kama tamoksifeni, ameze kila siku kwa miaka mitano, na wengine hata kumi.

Ikishasambaa hivyo, mara nyingi matibabu hayalengi tena kuimaliza. Yanalenga kuizuia isikimbie na kumwondolea mgonjwa maumivu, ili aishi vizuri kadiri anavyoweza. Wapo wanaoishi miezi, wapo wanaoishi miaka kadhaa. Sasa niambie, mwandishi mwenzangu, kilele cha hadithi hii utakiweka wapi? Siku ya upasuaji? Lakini ugonjwa ulirudi. Siku uliporudi? Lakini mama bado yu hai, anauliza kama kuku wamefungiwa. Kanuni yetu ina mlango mmoja wa kutokea, nao ni kaburi. Haijui kukaa ndani ya nyumba yenye mgonjwa miaka sita.

Nasema haya si kwa kubuni. Mama yangu alikatwa ziwa la kushoto mwaka 2016, na mwaka 2022 ikarudi mgongoni. Mimi ndiye mtoto niliyebaki nyumbani. Siku zile za mwanzo wa kurudi kwake ndugu mmoja wa ukoo alishauri atafutwe fundi wa kusema ni nani aliyeturudishia. Mwingine akasema ni imani haba. Lakini aliyeniumiza zaidi ni mama mwenyewe. Alitoa kalenda zake za zamani, ambazo kila siku aliyomeza kidonge aliitia alama ya vema, akaanza kuzikagua. Mwishowe akapata siku tatu zisizo na alama, siku alizokwenda msibani kwa kaka yake na kusahau dawa nyumbani. Akaniambia, “Unaona, mwanangu? Hapa ndipo nilipokosea.”

Siku tatu ndani ya miaka mitano! Hakuna daktari aliyemwambia hivyo. Tulipomweleza daktari, alitikisa kichwa akasema hapana, mama, si hilo. Lakini mama alikuwa anatafuta kosa kwa sababu dunia nzima ilikuwa imemfundisha kwamba ugonjwa bila kosa haupo. Siwezi kusema vitabu peke yake ndivyo vilivyomfundisha. Mimbari imo, mganga yumo, majirani wamo. Ila ninajua fasihi yetu haikumsaidia, maana haikumpa hata mgonjwa mmoja asiye na kosa wa kujilinganisha naye.

Niliazimwa kitabu cha mwandishi wa Marekani, Susan Sontag, nikakisoma kamusi ikiwa pembeni. Kinaitwa Illness as Metaphor, kilitoka mwaka 1978. Huyu mama aligunduliwa na kansa ya ziwa mwaka 1975. Wakati ule huko kwao wapo waliodai kwamba kansa huwapata watu wanaoficha hasira na huzuni moyoni, yaani tabia ya mtu ndiyo inayomletea ugonjwa. Sontag akaipinga hoja hiyo kwa nguvu zote. Anasema ugonjwa si laana, si adhabu, si picha ya nafsi ya mtu. Ni ugonjwa wa kutibiwa, basi. Akapinga pia lugha ya vita, ile ya adui, uvamizi na mashambulizi, kwamba inamwongezea mgonjwa mzigo.

Hapo nilisimama nikafikiri. Maana sisi nasi, mbali na kanuni ya kosa, tumeanza kuwa na kanuni ya pili, inayotokana na kampeni za kila mwezi wa Oktoba: shujaa aliyeishinda saratani. Amevaa fulana ya pinki, anatabasamu, anatoa ushuhuda. Ni jambo jema, linawapa wengi moyo wa kwenda kupima. Lakini kama aliyepona ni mshindi, je, aliyerudiwa ni nani? Ameshindwa? Alilegea? Unaona jinsi lile kosa lilivyorudi kwa mlango wa nyuma. Kanuni ya kwanza inamwuliza mama alifanya nini hata akaugua, na ya pili inamwuliza alizembea nini hata ikarudi.

Kitu cha ajabu katika kitabu cha Sontag ni kwamba hasemi popote kuwa yeye mwenyewe ni mgonjwa. Anabishana kama wakili. Ni kitabu cha akili kali lakini hakina kitanda. Kitanda anatuonyesha mwanawe. Sontag alipata kansa nyingine mwaka 1998, ya mji wa mimba, na mwaka 2004 akapata ya tatu, ya damu, akafa tarehe 28 Desemba mwaka huo huo. Mtoto wake wa pekee, David Rieff, aliandika juu ya miezi ile ya mwisho katika Swimming in a Sea of Death, kilichotoka mwaka 2008.

Nguvu ya kitabu hicho ni moja: kinakubali kwamba anayeuguza husema uongo. Mama alikuwa anataka kuishi kwa gharama yoyote. Alikuwa anamtazama mwanawe akitafuta usoni pake tumaini, na mwana akampa tumaini hata pale ambapo yeye mwenyewe hakuwa nalo. Kwa hiyo hawakuagana. Kuagana kungekuwa ni kukiri. Baada ya kifo mwana anajiuliza ukurasa hadi ukurasa kama alitenda sawa, na hapati jibu. Hapo nilimvulia kofia. Mwandishi wa kanuni yetu angempa jibu, tena lenye methali.

Lakini nina lawama kwake pia. Kitabu kinafikiri sana kuliko kinavyoonyesha. Tunajua mawazo ya mwana, hatujui mikono yake. Na hali zetu ni mbalimbali. Sontag alisafiri hadi Seattle kupandikizwa uloto wa mifupa. Kwetu safari ni ya basi usiku kucha, kwenda Ocean Road, Dar es Salaam, kwenye jengo la tangu enzi za Wajerumani linalotazama bahari, ambalo tangu mwaka 1996 ni taasisi ya saratani. Mionzi hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki tatu hadi tano au zaidi. Mtu wa mkoani akae wapi muda wote huo? Kwa ndugu, sebuleni, huku akihesabu nyuso za wenyeji kuona kama wamechoka. Hata pale matibabu yanapopata msamaha, sebule ya ndugu haina msamaha. Hiyo ni riwaya nzima, jamani, na bado imelala pale.

Lugha yetu inatuzidi akili katika jambo hili. Tazama neno kuuguza. Pungua huzaa punguza, ungua huzaa unguza, na ugua huzaa uguza. Kwa umbo lake tu ungedhani kuuguza ni kumfanya mtu augue. Kumbe maana yake ni kumhudumia anayeugua. Ni kama Kiswahili kinajua kwamba yule anayeuguza ameingia ndani ya ugonjwa, wamo wote wawili. Tunalo neno, lakini hatuna mhusika wake. Katika kuomboleza tu mabingwa: Shaaban Robert alimlilia mkewe Amina katika shairi ambalo wengi tulilisoma shuleni. Tunajua kulia baada ya mtu kuondoka. Kumwandika akiwa bado yupo, anatapika na kutania, hilo bado.

Sisemi hakuna aliyejaribu. Ua la Faraja ya William Mkufya, ya mwaka 2004, ni riwaya nene inayowapa nafasi wagonjwa wa UKIMWI pamoja na wale wanaowafariji. Jina lenyewe linasema. Humo kumfariji mgonjwa ni kazi, ina jasho lake. Mkufya alifungua mlango, na nashangaa kwa nini wachache wamepita hapo baada yake.

Basi mwandishi anayetaka kuandika juu ya saratani inayorudi aandike vipi? Nitasema ninayoyaona mimi, anayepinga apinge.

Kwanza, aache kukimbilia kilele, ashike kalenda. Dripu za dawa huja kwa mzunguko, mara nyingi kila baada ya siku 21. Wiki ya kwanza mama hataki kuona chakula, maji yana ladha ya chuma, mdomo una vidonda. Wiki ya pili amechoka na ni rahisi kushambuliwa na magonjwa, kwa hiyo wageni wanazuiwa mlangoni, na wageni wananuna. Wiki ya tatu anaamka, anadai samaki, anagombana na muuza mkaa. Halafu inaanza upya. Huo ndio mwendo wa hadithi, na una mvutano wake, maana kila wiki ya tatu nyumba nzima inajidanganya kwamba yameisha.

Pili, aandike mikono. Ile dawa nyekundu inayobadilisha rangi ya mkojo, na mtoto anayeshtuka kuona. Mkono wa upande uliokatwa unaovimba, usiotakiwa kubeba ndoo. Kitambaa kinachokunjwa na kuwekwa ndani ya sidiria kabla ya kwenda kanisani au harusini. Mofini ya maji inayopimwa kwa uangalifu, na hofu ya ndugu kwamba mama atakuwa mlevi wa dawa. Mtoto wa kiume anayemwogesha mamaye kwa mara ya kwanza, wote wawili wakitazama ukutani. Mambo haya hayana funzo la kuandika kwenye mtihani, lakini msomaji aliyeuguza atayatambua mara moja na kusema: huyu alikuwepo.

Tatu, amwache mama awe mtu. Mgonjwa wa hadithi zetu ni malaika. Hanuni, hadai, hachoshi. Mama wa kweli anakuwa mkali, anaficha maumivu mbele ya daktari halafu anamalizia hasira kwa mwanawe. Anapenda mtoto aliye mbali anayepiga simu kuliko huyu anayemwaga beseni. Mwandishi akiogopa kusema hivyo kwa kisingizio cha heshima, hamheshimu mama, anamzika mapema.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa fasihi ni chombo cha kuelimisha, na hadithi isiyo na funzo ni porojo. Vyema. Tuongee basi juu ya elimu. Wanawake wengi wa nchi yetu hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Sababu ni nyingi: umbali, pesa, kutojua, vipimo vya kuchelewa. Lakini aibu nayo imo. Mama anayeamini kwamba uvimbe ni ushahidi wa kosa atauficha, kama mtu anavyoficha kosa. Atajifunga kanga vizuri, ataendelea kupika. Na aliyewahi kutibiwa akisikia maumivu mapya mgongoni atanyamaza zaidi, kwa kuwa mara ya kwanza watu walimshangilia kama mshindi na sasa anaona haya kuwarudia mikono mitupu. Je, hadithi zetu zinamtoa huyu mama mafichoni, au zinazidi kumfungia mlango? Mgonjwa asiye na kosa, akiandikwa vizuri, anaelimisha kuliko hoja sita za mtihani.

Mama yangu bado anaumwa na bado anaishi. Ile kalenda ameirudisha sandukuni, na sijui kama amejisamehe zile siku tatu. Ninachojua ni kwamba hakuwa na la kusamehewa. Natamani kungekuwa na kitabu cha Kiswahili cha kumpa, chenye mwanamke ambaye kansa imemrudia na hakuna mtu ndani ya kitabu hicho, hata mwandishi, anayemwuliza kwa nini. Kama wewe unaandika, kiandike. Nami naandika changu, na tukutane kwenye kurasa hizi tusahihishane.